Mwanya wa Mama

Mvua ilimkuta Sindano katikati ya mtaa wa maduka, watu wakitoka makazini, naye kabeba gauni la bibi harusi ndani ya mfuko wa nailoni, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Akapenya umati hadi kwenye mlango wa kwanza aliouona wazi.

"Ingiza gauni kwanza," sauti ya kiume ikamwambia. "Wewe utakauka. Hilo likilowa, utalia."

Alikuwa fundi picha, mrefu, shati la buluu kalikunja mikono hadi kwenye viwiko, na tabasamu la mtu asiye na haraka. Sindano, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya ushonaji na kwa ulimi wake mkali, akaingiza gauni kwanza. Akageukia ukutani, kwenye picha kubwa zenye nyuso safi, na hapo wazo likamjia.

Mdogo wake alikuwa anakaribia kuolewa. Mama yao alishafariki, na picha pekee waliyobaki nayo ilikuwa ndogo, ndani ya simu, imetumwa na kutumwa tena hadi uso umefifia.

"Unaweza kuikuza iwe ya ukutani? Nataka mama akae mbele siku ya harusi."

Fundi akaivuta kwa vidole viwili. Uso ukavunjika vimraba vimraba.

"Wewe ni mshonaji. Kitambaa cha mtoto kinatoa gauni la mtu mzima?"

"Naunga."

"Viraka vitaonekana."

"Basi wewe unga vizuri!"

Fundi akacheka. "Nitajaribu, mrembo."

"Mrembo nani? Mimi mteja."

Lakini mteja aliondoka akitabasamu peke yake barabarani. Kesho yake fundi akapiga simu kuuliza rangi ya kitambaa cha kichwa cha mama. Keshokutwa akauliza habari za nywele. Baada ya hapo maswali ya picha yakaisha, simu hazikuisha.

"Umekula?"

"Picha inataka kujua kama nimekula?"

"Picha haina adabu hiyo. Anauliza fundi."

Siku ya kuichukua picha, Sindano alivaa gauni lake la zambarau, lile linalombana kiunoni, akajipaka manukato shingoni. Fundi akafunua kitambaa kwa madaha. Uso ulikuwa mkubwa, unang'aa, hata kope ungeweza kuzihesabu.

Sindano akautazama. Tabasamu likafifia taratibu.

"Huyu ni nani?"

"Mama."

"Mama yangu alikuwa na mwanya. Akicheka ndio kitu cha kwanza unachokiona. Wewe umeuziba."

Fundi akajikuna shingo. "Ile programu ya kompyuta hubuni kile isichokiona..."

"Kwa hiyo umempa mama yangu meno ya mtu mwingine, halafu ukanyamaza? Ungesema tu huwezi!"

Akatoka bila kuaga. Simu ikaita njiani, ikaita nyumbani, ikaita juu ya cherehani. Hakuipokea. Mwishowe ukaingia ujumbe wa sauti, nao akausikiliza huku amefumba macho.

"Mpenzi... samahani, dada. Niliogopa kukwambia siwezi, nisije nikakukosa. Ukweli ni huu: picha kila ikitumwa kwa simu inapungua, na kilichopotea hakirudi kwa kubahatisha. Tutafute ile ya asili, kama ilivyotoka kwenye kamera. Nani aliipiga?"

Sindano alimjua aliyeipiga. Ni mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yao. Walirushiana maneno makali msibani, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba mgonjwa alichelewa kufikishwa hospitali, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Hata kadi ya harusi hakupelekewa. Sindano akaishika simu, akaiweka, akaishika tena.

"Shikamoo, mama mdogo."

Ikasikika pumzi ndefu.

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani nitakufa sijaisikia sauti yako."

Wakalia wote wawili, kila mmoja kwake, hata la picha likachelewa kusemwa. Ilikuwepo, kwenye kamera ileile, haijaguswa.

Wakaenda studio pamoja, mama mdogo katika gauni la kijani, kamera kaikumbatia kifuani. Fundi hakujitetea. Akaihamisha picha moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, akaikuza kidogo kidogo, akifuta chengachenga kwa mkono. Uso ukajitokeza polepole. Shavu moja lilibaki na ukungu, lakini mwanya ulikuwa pale.

"Sijamwongezea kitu," akasema. "Pasipoonekana, nimepaacha kama palivyo."

"Dada," mama mdogo akainong'oneza ile picha, akaangukia bega la Sindano. Sindano akamshika kwa mikono miwili.

Walipotulia, fundi akamsogelea Sindano mlangoni.

"Bado una hasira na mimi?"

"Kidogo. Usiikuze."

Akacheka, kisha akawa mzito. "Nataka kuja kwenu."

"Kuleta picha?"

"Picha mtaondoka nayo leo. Nataka kuja kujitambulisha."

Sindano, kwa ulimi wake wote ule, akanyoosha mikono kurekebisha ukosi wa shati la fundi, ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Mwambie aje harusi ikipita," mama mdogo akapaza sauti kutoka ndani, akijifuta machozi. "Na asije peke yake. Aje na wazee wake!"