Chokaa Isiyozimwa

Moto wa ghala la ngozi la Abukar, pale Kiamaiko jijini Nairobi, ulionekana Jumapili saa tano na dakika arobaini asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha. Wachinjaji wa mbuzi waliokuwa wamejikinga kando ya barabara walipigwa na butwaa: moto unawakaje siku ya mvua kama hii?

Wekulo, mtunza ghala, alikuwa ameshaingia. Aliliona gunia likifuka moshi juu ya rundo la ngozi kavu, akachota ndoo ya maji akalimwagia. Badala ya kuzimika, gunia lilifoka. Uji mweupe unaotokota ukamrukia usoni na mikononi. Wafula, msimamizi wa ghala, alitokea mbio, akambeba mgongoni hadi barabarani na kumkimbiza hospitali. Nyuma yao ngozi zote ziliteketea.

Annah Nabalayo alipata habari hizo alasiri, nyumbani kwake Kaloleni. Annah alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya upili, na Wafula alikuwa kaka yake, mkubwa wake kwa miaka tisa. Baba yao alipofariki, Wafula aliacha shule akaja Nairobi kukwangua ngozi ili Annah asome. Hadi leo bomba likipasuka au mlango ukikwama, Wafula alikuja bila kuitwa mara mbili. Wiki mbili kabla ya moto alimpakia ukuta wa uani chokaa. Siku hiyo alimtazama dada yake akizima mawe ya chokaa kwenye maji, akauliza kwa nini yanachemka hivyo, naye Annah akamweleza kwa furaha, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Mabonge yaliyobaki waliyatia kwenye debe, wakaliweka stoo.

Jumatatu saa kumi na moja jioni Wafula alifika, macho mekundu, nguo zikinuka moshi.

"Nabalayo, nisaidie. Polisi wanasema Wekulo amechoma ghala kwa makusudi."

"Wekulo? Mtu aliyeungua macho?"

"Ndiyo hivyo. Lakini mimi najua ni chokaa. Aliipanga chini ya mabati, pale panapovuja. Jua likaipika wiki nzima, ikageuka ikawa ile kali, isiyozimwa. Mvua ilipoingia ikawaka. Afande anataka mtu aliyesoma athibitishe. Andika karatasi moja tu, utie sahihi."

"Na Wekulo itakuwaje?"

"Ataonekana mzembe, afutwe kazi. Si afadhali kuliko jela?"

Annah alimwonea huruma. Kaka yake hakuwa amelala, na bado alimhangaikia rafiki yake. Akamwahidi kuiandika.

Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba cha walimu, alichukua kalamu. Hakutaka kutia sahihi maneno matupu. Alitaka hesabu imtangulie. Chokaa ya ghalani, ya kulowekea ngozi ili manyoya yatoke, ilikuwa ya unga, iliyokwisha kuzimwa, yaani kutiwa maji tangu kiwandani. Ili irudi kuwa isiyozimwa, ni lazima itoe maji yaliyo ndani yake yaondoke kama mvuke. Je, joto la mabati lingetosha?

Akaandika joto linalohitajika: kilojuli 109.2. Kisha entropia, yaani kipimo cha jinsi vitu na nishati yake vinavyotawanyika. Kwa kuwa mvuke hutawanyika sana, iliongezeka kwa juli 143.5 kwa kila nyuzi. Mabati aliyapa nyuzi sitini, ambazo ni 333 kwa kipimo cha Kelvin. Akazidisha, akapata kilojuli 47.8, akazitoa kwenye 109.2. Jibu lingekuwa hasi, badiliko hilo lingeweza kwenda lenyewe. Jibu lilikuwa chanya: 61.4. Jibu hilo ndilo nishati huru, nayo ilikataa.

Alidhani amefanya kosa analowachapia wanafunzi kila muhula, la kusahau kugeuza juli kuwa kilojuli. Akarudia. Jibu likawa lile lile. Akatafuta joto ambalo lingelifikisha jibu kwenye sifuri, akapata nyuzi 488. Kabla mabati hayajafikia joto hilo, magunia, ngozi na mbao za paa vingekuwa majivu.

Chokaa ile haikujigeuza. Kuna mtu aliyeleta nyingine.

Annah aliona kwamba kaka yake amedanganyika, na hilo tu ndilo lililomjia akilini. Saa tisa alasiri alikuwa Kiamaiko, akimwonyesha karatasi yake Sajini Kavutha, mpelelezi wa kesi, mwanamke wa maneno machache mwenye buti zilizojaa tope. Abukar, mwenye ghala, alisimama kando yao akiyatazama majivu.

"Umefika wakati mzuri, Mwalimu," Kavutha alisema. "Asubuhi hii tumefukua haya chini ya majivu, mahali pakavu." Akafungua mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na mabonge matatu meupe, makubwa kama ndimu.

"Chokaa yangu ni ya unga," Abukar alisema. "Hatujawahi kununua mawe."

Annah aliliweka bonge moja juu ya tofali, akalidondoshea maji. Lilipasuka kwa mlio, mvuke ukapanda.

"Ndiyo isiyozimwa, Afande. Na hii haitokani na unga, hata ukiuacha juani mwaka mzima."

Kavutha alielekeza kidole juu. "Mabati pale juu ya rundo yameng'olewa misumari mitatu. Na kufuli halikuvunjwa. Funguo ziko ngapi?"

"Tatu," Abukar akajibu. "Yangu, ya Wekulo na ya Wafula. Mimi tangu Ijumaa asubuhi nilikuwa Isiolo kununua mbuzi. Waulize niliosafiri nao."

"Nimewauliza. Na Dirie? Watu wanasema mligombana."

Dirie, mnunuzi wa ngozi wa mtaa wa pili, aliitwa akaja amenuna. "Nilimwambia Abukar ngozi zake zina matobo. Kwa hilo ndiyo nichome? Jumamosi na Jumapili nilikuwa Eastleigh, namwoza binti yangu. Wageni mia tatu waliniona. Na ufunguo ningeupata wapi, Afande?"

Alipoondoka, Kavutha alifunga daftari. "Basi tunarudi kwa Wekulo. Ana ufunguo."

"Wekulo aliimwagia maji," Annah alisema. "Mtu aliyeweka mawe hayo kwa mkono wake angejua maji ndiyo kiberiti chake. Angeyamwaga ameinama juu yake?"

Sajini alilifungua daftari tena. Abukar naye alijikuna ndevu. "Kwanza Wekulo angechoma ili iweje? Alhamisi nilimwambia yeye ndiye atakayesimamia kiwanda kipya Athi River. Nilimwambia mbele ya Wafula."

Annah alimgeukia. "Wafula alisemaje?"

"Alimpongeza. Akamshika mkono."

Kavutha alifunua kurasa za nyuma za daftari. "Mwalimu, sikiliza maelezo haya, halafu uniambie. 'Chokaa imegeuka ikawa isiyozimwa, mvua ikaingia, ikawaka.' Kaka yako aliniambia hivyo hospitalini, Jumapili saa saba kasoro robo. Wakati huo kila mtu alikuwa anasema sigara. Mabonge haya nimeyapata leo."

Hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Wafula alikuwa akiutia maji unga ule kwenye mapipa kila siku kwa miaka ishirini, na haukuwahi hata kuwa vuguvugu. Angewezaje kuutuhumu saa moja tu baada ya moto?

Jioni Annah alifungua stoo yake. Debe lilikuwapo. Mabonge hayakuwapo. Akaketi juu ya debe lile, na hakuinuka hadi giza lilipoingia. Watu wawili tu walikuwa na ufunguo wa nyumba ile: yeye na kaka yake.

Jumatano saa kumi alasiri Wafula alikuja kuchukua karatasi yake. Alimkuta Sajini Kavutha ameketi kando ya dirisha. Alisita, kisha akasalimu na kukaa.

"Umeandika?"

"Nimeandika." Annah alimsogezea ukurasa wa hesabu. "Nyuzi mia nne na themanini na nane, kaka. Mabati ya Kiamaiko hayafiki huko."

"Mimi sijasoma hayo. Nilikisia tu."

"Mabonge ya stoo yangu yako wapi?"

"Niliyatupa."

"Lini? Wapi?" Kavutha aliuliza. "Taja jalala, twende sasa hivi."

Wafula alitazama ukuta wa uani kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Ulimwekea Wekulo mtego," Annah alisema. "Jumamosi jioni ulifungua ghala, ukalaza gunia la mawe kwenye ngozi kavu, ukang'oa misumari, ukaiachia mvua kazi. Mimi mwenyewe nilikufundisha. Kisha ukaja uniwekeshe sahihi."

"Nilimtoa Bungoma akiwa hana viatu!" Wafula alilipuka. "Nilimlaza chumbani kwangu, nikamfundisha kushika kisu cha kukwangulia. Miaka ishirini nanuka ngozi. Halafu Abukar ananiambia mbele yake kwamba kiwanda kinataka mtu mwenye cheti. Cheti! Unajua cheti changu kiko wapi, Nabalayo? Kimetundikwa pale ukutani kwako, kina jina lako."

Annah alikitazama cheti pale ukutani. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomchoma kuliko uongo wote.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekuja Kiamaiko nikapiga kelele mbele ya Abukar. Ukachagua kuniibia stoo."

"Sikutaka aumie. Huwa hafiki Jumapili kabla ya saa nane. Nilitaka ngozi ziungue zikiwa mikononi mwake, aonekane hafai. Nilipoona anakimbilia ndani..." Aliusukuma kando ukurasa wa hesabu. "Ungeiandika tu. Hakuna ambaye angekuuliza, wewe ni mwalimu."

"Wekulo angeuliza."

Kavutha alisimama. Wafula alinyoosha mikono mwenyewe afungwe pingu. Mlangoni aligeuka kama mtu anayetaka kuaga, lakini Annah alikuwa ameshaupa mlango kisogo.

Alhamisi saa sita mchana Annah alikwenda hospitali. Wekulo alilala chali, macho yamefungwa bendeji. Daktari alikuwa ameshasema: jicho la kulia litapona, la kushoto ndilo basi. Elsie, mke wake, alimpisha Annah kiti.

"Mwalimu," Wekulo alisema aliposikia sauti yake. "Wafula yuko wapi? Tangu Jumapili hajaja. Au na yeye aliungua?"

Annah aliushika mkono usiokuwa na bendeji, akamwambia yote, tangu debe la stoo hadi pingu. Hakupunguza kitu wala hakumtetea mtu.

Elsie alikuwa amejiziba mdomo kwa leso.

"Alinibeba mgongoni," Wekulo alisema. "Njia nzima alikuwa analia. Nami nikawa namwambia, nyamaza ndugu yangu, sitakufa."