Kistari cha Keki ya Mama

Muireann hakuwa na miaka kumi na minane, hakuwa na duka, wala hakuwa na subira. Alikuwa na vidole vyepesi tu, na kompyuta ya mama yake, Bríd, aliyokaa nayo jikoni kila alipotoka shule huku mama akikanda unga.

Duka lao liliitwa Cáca Bhríde, yaani Keki ya Bríd kwa Kiayalandi, na mama alitaka lipate tovuti. Aliahidi kuomba jina la tovuti Jumapili, akishapumzika. Muireann hakungoja. Alijaza ombi kwa jina la mama, akathibitisha kuwa yeye ni mtu mzima mwenye biashara, akatuma.

Jibu lilikuja na sharti. Jina linaloishia na .ie hupewa mwenye uhusiano wa kweli na Ayalandi, kwa hiyo ofisi ilitaka nakala ya cheti cha biashara. Cheti kilisema Cáca. Ombi lilisema caca. Kukosekana kwa kile kistari juu ya a, alichokiruka kwa haraka, kulikuwa kumegeuza keki kuwa mavi. Visipolingana, ombi lingefutwa, na kule mji wa Gaillimh kulikuwa na Bríd mwingine, mwoka keki pia, aliyelitamani jina hilohilo.

“Kifute kwenye nakala,” binamu yake Colm alimnong'oneza. “Kijiguu cha nzi kile, nani atakiona?”

Muireann alipiga picha cheti, akakikuza kistari kwenye kioo cha kompyuta mpaka kikawa kama mti wa kusukumia chapati. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kufuta. Kisha akafunga kompyuta, akamweleza mama yote.

Mama aliacha kukanda unga. “Kwa hiyo kijiji kizima kingealikwa kula mavi ya Bríd?”

Colm alicheka peke yake.

“Nisamehe, mama. Niliogopa yule mwingine atatuwahi.”

“Kusahau kistari ni haraka, mwanangu, na haraka hurekebishwa. Lakini kujiita mtu mzima ni uongo, na ungekifuta kwenye cheti ungeongeza uongo mwingine, wenye jina langu. Heri nilikose jina.”

Alipiga simu ofisini. Jina lingeshikiliwa, wakamwambia, mradi mwenye duka aandike barua ya masahihisho na kutia sahihi.

Mama aliandika. Chini yake Muireann akaongeza kwamba ombi la kwanza alilijaza yeye, mwenye miaka kumi na mitatu. Wakapitia vistari vyote kwa pamoja, kimoja kimoja. Mama akalamba bahasha, akaifunga, na Muireann akakimbia nayo hadi kwenye sanduku la kijani la posta, akaitumbukiza.