Biri Saba za Katikati

Jirani zangu wa ngazi hii, kuanzia Mama Zoraida wa chini, anayesikia hata mchwa wakitafuna, mpaka ninyi wa ghorofa ya juu ambao maji huwafikia kwa ndoo, naomba mnisikilize. Najua mmezoea kwamba nikifungua mdomo mnashika mbavu. Leo mtacheka mwanzoni tu, maana jambo lenyewe lilianza na kicheko chetu sote.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, asubuhi, jua limetulia kwenye roshani ya Nereida. Nereida mnamjua: ana miaka thelathini na moja kiwandani, anasokota biri, zile sigara nene za majani matupu ambazo wageni huvuka bahari kuzifuata hapa Havana. Pembeni yake alikaa Mzee Belarmino, fundi bomba mstaafu kutoka Gijón, Hispania. Mwaka ule ulikuwa wa kumi na moja kuja kwetu. Mara ya kwanza alikuja kama watalii wengine, shingo nyekundu, kofia bado ina bei. Akanunua biri dukani, akavuta moja, kisha akaenda na kichwa cha nyingine, ile ncha ya mdomoni, mpaka mlangoni pa kiwanda kuuliza: ni nani aliyeifunga hii? Walinzi walimcheka, lakini waliita watu. Kila msokotaji ana namna yake ya kufunga kichwa cha biri, kama vile kila mama ana mkono wake wa kusuka nywele. Wakamwonyesha Nereida. Toka siku hiyo wakawa marafiki.

"Kahawa yako tamu," Mzee alisema Jumapili hiyo. Kahawa yenyewe ilikuwa ya mgao, nusu kahawa nusu njegere.

"Mzee, usidanganye siku ya kanisa. Kahawa hii hata paka anaikimbia."

"Sisifu kahawa. Namsifu aliyeipika."

"Haya! Na mkeo kule Gijón anajua una maneno haya?"

"Ndiye aliyenifundisha. Mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa mwiko."

Tulicheka mpaka Mama Zoraida akapiga dari lake kwa ufagio. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nakula mkate wa watu.

Sasa lazima niseme kwa nini Nereida alimpenda mzee huyu hivyo. Mwaka mama yake alipozidiwa na pumu, maduka ya dawa ya mji mzima yalikuwa na rafu tu na muuzaji aliyeegemea rafu. Belarmino alisikia, hakuahidi kitu. Februari iliyofuata alifungua sanduku lake juu ya kitanda cha mama, na nusu ya sanduku ilikuwa dawa za kuvuta. Nguo alileta mbili. Mama aliishi miaka minne zaidi.

Kwa hiyo Belarmino alipoandika kwamba mwanawe ataoa Juni ya mwaka unaofuata, Nereida alianza kuandaa zawadi mapema. Kiwandani msokotaji hupewa biri chache kila siku, ziwe zake. Wengine huvuta. Wengine, msiniangalie hivyo, hufanya mnayoyajua. Nereida havuti. Karibu mwaka mzima alitenga iliyo bora kuliko nyingine, akaiweka kwenye droo ya mbao za mwerezi aliyoachiwa na mama. Mwisho akachagua ishirini, kwa sababu ishirini ndizo mgeni anaweza kutoka nazo uwanja wa ndege bila kuonyesha risiti. Akazifunga fungu moja la mviringo, kwa utepe wa njano.

Na sasa aingie Osmín.

Osmín ni mdogo wake Nereida. Dada huyo alimlea, akampeleka shule, akamlipia meno. Na Osmín ni mzuri, mcheshi, akikusalimia unasahau ulikuwa umemkasirikia nini. Kazi yake mnaijua. Husimama kona ya bustani, akiona kofia ngeni anaifuata.

"Rafiki! Unatoka wapi? Italia? Nina binamu Italia! Una bahati, leo ndiyo siku ya mwisho ya bei ya wafanyakazi. Dada yangu yuko kiwandani!"

Jamani, Havana nzima kila anayesimama kona ana dada kiwandani. Wangeajiriwa hao dada wote, kiwanda kingefika Meksiko. Tofauti ni kwamba dada yake Osmín alikuwa wa kweli. Osmín alikuwa na picha yake mfukoni, amevaa aproni, kisu cha nusu mwezi mkononi. Mgeni akiona ile picha anakwisha. Anapelekwa chumba cha watu, anapewa kahawa, anatoka na sanduku zuri lenye mihuri. Ndani yake biri zimesokotwa bafuni mtaa wa tatu, kwa takataka zilizofagiliwa sakafuni na vipande vya jani la mgomba.

Nasi tulicheka. Mama Zoraida, ulikuwa ukimuuliza kila jioni, "Leo umemvutisha nani mgomba?" Mimi nilimfundisha kusema "siku ya mwisho" kwa Kijerumani, nikajiona msomi. Nereida mwenyewe alikuwa akigomba.

"Osmín, picha yangu itoe huko mfukoni."

"Dada, wale ni watalii. Wanakwenda kwao, wanawaambia wenzao ni tamu ajabu. Hata hawajui."

"Mimi najua."

"Wewe huvuti!"

Basi alimkimbiza na taulo, yeye akambusu utosini, halafu akapakuliwa wali na maharage. Yakaisha hivyo. Yaliisha hivyo miaka mingi.

Jumanne Mzee aliondoka. Nilimbebea mkoba mpaka kwenye gari. Alikuwa na lile fungu kifuani, analinusa kama kichwa cha mtoto mchanga. "Hizi za katikati ndizo salama zaidi, hazitapata hata mkwaruzo," aliniambia. "Hizo ni za meza ya wakwe." Nereida alimwangalia mpaka gari lilipopinda.

Harusi ikawa. Juni ikapita, mvua zikaja zikaondoka. Haikuja barua hata moja. Februari nyingine ilipofika Nereida alisugua roshani, akatafuta kahawa halisi, msiniulize wapi. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili akaanza kumtafutia sababu: ndege, mafua, labda mkewe mgonjwa. Wiki ya tatu nikamwona kwa macho yangu.

Alikuwa amekaa benchi huko Vedado, upande wa pili wa mji, mikono mitupu. Nikapiga kelele kama mjinga.

"Mzee! Dada Nereida anakungoja kama mgao wa kahawa! Umejificha huku kwa nani?"

Hakucheka. "Nimefika mlangoni kwenu mara mbili," akasema. "Nikageuka."

"Kwa nini?"

Akatoa mfukoni biri moja iliyofungwa kwenye leso. "Zilikuwa saba hivi, katikati ya fungu. Niliwapa watu wa meza kuu. Baba wa bibi harusi anazijua biri, kijana wangu. Aliiwasha mbele ya watu mia moja na arobaini. Ikanuka kama nywele zinazoungua. Akakohoa, akatoa uzi mdomoni, uzi wa ufagio. Kisha akasimama na glasi yake akasema, 'Tunywe kwa afya ya yule rafiki mkubwa wa mkwe mwenzangu huko Kuba.' Ukumbi mzima ulicheka. Mwanangu alitazama sahani."

"Mzee, Dada Nereida hawezi..."

"Sikulipa kitu, sina haki ya kulalamika. Ila za nje zilikuwa nzuri. Umeona? Mtu alipanga. Aliweka nzuri nje, za kunionyesha." Akanikabidhi ile leso. "Mpe. Mwambie sitaki jibu."

Nilitembea mji mzima kwa miguu nikitafuta namna ya kulisema lile jambo kwa mzaha. Sikuipata.

Nereida alikuwa ndiyo kwanza anarudi kazini. Aliishika ile biri kwa vidole viwili, akaibonyeza mara moja, akaiweka mezani. Hakuinusa. Hakuuliza imetoka wapi mpaka nilipomaliza kusimulia. Osmín alikuwa jikoni, amevua shati, anakaanga ndizi.

"Osmín. Njoo."

Akaja na tabasamu lake. Akaiona. Tabasamu likabaki usoni, lakini macho yaliondoka.

"Lini?" Nereida akauliza.

"Dada, sikiliza..."

"Nimeuliza lini."

"Ile Jumanne. Ulipokwenda foleni ya mkate." Akajikuna shingo. "Kulikuwa na Mjerumani, mjuaji. Alizinusa zangu akanicheka, akasema lete za kweli au naita polisi. Ningefanya nini? Saba tu, dada! Saba! Nikakuachia kumi na tatu. Nilifunga utepe vilevile."

"Alimletea mama dawa."

"Najua."

"Alikuja na nguo mbili."

"Najua, dada! Lakini nilijua hatatambua! Hawa watu hawatambui, wewe mwenyewe umeona, ni watalii..."

Hapo nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe. Ndizi zikaanza kuungua. Hakuna aliyekwenda kuzigeuza. Nilingoja Nereida apige kelele, nikatamani apige. Alisema tu, taratibu, "Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga utepe," akaichukua aproni yake aliyokuwa ameivua, akaivaa tena, akaniambia, "Yosbel, nipeleke."

Tukaenda. Hotelini kwa Mzee, jirani na lile benchi, hawakutaka kumpitisha, msokotaji mwenye aproni yenye madoa ya tumbaku. Mzee akashuka mwenyewe mpaka ukumbini. Nereida alimweleza yote akiwa amesimama. Alisema polepole, bila machozi, kama anayesoma hati.

Mzee Belarmino alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole ambao uliniuma kuliko tusi, "Nereida, miaka kumi na miwili nakuja hapa. Mtaani wote huniambia hivyo hivyo. Wakiuza, ni dada yangu kiwandani. Wakishikwa, ni kaka yangu nyumbani."

Niliona Nereida ameshika ukingo wa kiti. Akaingiza mkono kwenye aproni akatoa biri ya siku ile, aliyoisokota mchana huohuo. "Hii ni yangu," akasema. "Chukua."

Aliipokea. Aliigeuza. Akaangalia namna kichwa kilivyofungwa, ule mkono wake aliokuwa ameufuata mpaka mlangoni pa kiwanda miaka ile yote. Kisha akanyoosha kiganja. "Niazime kisu chako."

Nereida alimpa. Msokotaji hampi mtu kisu chake, lakini alimpa. Na Mzee Belarmino akailaza ile biri kwenye meza ya kioo, akaipasua kwa urefu, kutoka kichwani mpaka mguuni, akaifungua kwa vidole gumba atazame katikati.

Majani yalikuwa mazima. Marefu, ya rangi ya asali, yamekunjwa moja ndani ya jingine. Harufu ilijaa ukumbi, hata mhudumu aligeuka.

"Nisamehe," Mzee akasema. "Ni kweli. Ni ya kweli. Nisamehe."

"Ya leo umeiona," Nereida akajibu. "Na ya kesho je? Utaipasua pia?"

Mzee aliangalia yale majani. Hakusema hapana. Na yeye si mtu wa kudanganya jambo zito.

Nereida akachukua kisu chake, akakifuta, akamwambia, "Msalimie mkeo." Tukarudi. Belarmino aliondoka Alhamisi. Februari hii mmeona wenyewe kama roshani ile ilikuwa na mtu.

Osmín hakufukuzwa. Nyumba ni ya mama yao, dada alisema, na hatamtoa. Lakini ile droo ya mwerezi imewekwa kufuli. Osmín hula mezani kila siku akiitazama, na Nereida humpakulia wali kama zamani, ila hamgombezi tena. Hata akichelewa. Hata akilewa. Juzi Osmín aliniambia kwenye ngazi, "Bora angenipiga."

FUNZO

Kwanza nawe msafiri, popote haya yatakapokufikia: ukinunua biri ugenini, nenda dukani, chukua risiti, na yule mwenye dada kiwandani mwambie asante, upite. Hilo ni dogo.

Kubwa ni letu sisi wa ngazi hii. Tulidhani kuna watu wa kudanganya na watu wa kutodanganya, na kwamba mpaka wao uko kwenye kofia. Osmín alidhani hivyo pia, sisi ndio tuliomfundisha kwa kumchekea. Mkono uliozoea kujaza takataka kwa ajili ya mgeni wa kona haukusimama kujiuliza ulipofika kwenye droo ya dada yake. Na uongo wake haukula biri saba tu. Ulikula ukweli wa Nereida, mpaka siku alipousema, ukasikika kama uongo wa mtaani. Mtu aliyefanya kazi safi miaka thelathini alihitaji kupasuliwa kazi yake mezani ili aaminiwe, na bado haikutosha.

Kwa hiyo nawaomba, nikianza na nafsi yangu. Akipita mgeni akiuliza biri, mwonyesheni duka lilipo, mwende zenu. Hamtapata chochote kwa kufanya hivyo. Ndiyo, najua. Hicho ndicho ninachowaomba.