Mguu wa Mwalimu

Jioni hiyo mtaa wa maduka ulifurika watu, wanasukumana, pikipiki zinapiga honi. Kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi akasimama ghafla mbele ya duka la ushonaji, akalikodolea macho gauni la njano dirishani.

"Unamnunulia nani?" dada fundi akamuuliza, pini mdomoni.

"Bado namtafuta."

Basi! Fundi akacheka mpaka pini zikamwanguka. Tangu hapo kijana huyo, mwalimu wa hesabu, akawa anasimama dirishani kila jioni, na simu haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekushiba wewe."

Mwezi wa tatu wa penzi lao, fundi akienda kununua vifungo, akamwona mwalimu wake amesimama mbele ya saluni, macho kwa wasusi. Hatua chache mbele, kasimama tena, duka la viatu vya kike! Damu ikamchemka. Akampigia papo hapo.

"Kumbe una madirisha mengi!"

"Sikiliza, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Nenda ukasukwe!"

Siku nne hakushona mshono ulionyooka. Ya tano uvumilivu ukamwisha, akamfuata kwake. Akamkuta kitandani, suruali kaikunja, kidole cha mguu kina kidonda cheusi.

"Nikitembea kidogo kigimbi kinabana, lazima nisimame. Najifanya naangalia vitu. Ningekwambia umempata kilema?"

"Na madaktari?"

"Watatu. Wote dawa za maumivu."

Fundi akaugusa mguu huo. Ulikuwa baridi, mwenzake una joto. Mwanamume mzima anaficha mguu kwa ajili ya aibu, jamani! Bahati fundi ndiye aliyewashonea wauguzi sare, namba zao zote anazo. Akapiga. Wa kwanza hajui. Wa pili yuko likizo. Wa sita akamkatiza:

"Hapo mshipa wa damu umeziba. Bingwa wa mishipa anakuja hapa hospitali Alhamisi tu, yaani kesho. Foleni yake ni miezi miwili, lakini kidonda hakisubiri. Mlete, nitamwingiza mwenyewe."

Kesho yake daktari bingwa, mama wa miwani minene, akaupima mguu, akaguna. "Wiki moja zaidi, tungeukata. Nauzibua mshipa leo. Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake."

Mwalimu akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Unakataa mbele ya daktari?"

"Nikatae, nina wazimu?"

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Fundi akakaa, akasimama, akaenda, akarudi, akamuuliza muuguzi jambo lilelile mara saba. Alipoitwa, hakumtazama mgonjwa usoni. Aliingiza mkono chini ya shuka, akaushika unyayo. Una joto! Akaangua kilio.

"Mimi niko huku juu," mwalimu akasema kwa sauti ya usingizi.

"Subiri zamu yako."