Mikono ya Shoga Yangu

Haya yalimpata mdogo wangu, tumbo moja mimi na yeye, na Mungu anajua siongezi chumvi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nguo ziko kambani, chai iko mezani. Mdogo wangu alikuwa amelala chali kitandani, mimba imetimiza miezi yake, akingoja kupimwa. Mkunga alikuwa shoga yangu wa siku nyingi. Tumekula naye sahani moja, tumefunga na kuomba pamoja ili naye apate mtoto. Mimi ndiye niliyemleta. Foleni ya kliniki ya nini, nilisema, na mkunga tunaye nyumbani?

Akasugua viganja vipate joto, akaanza kulipapasa tumbo.

"Hili tumbo! Umemeza ngoma?"

"Muulize shemeji yako," mdogo wangu akajibu. Tukacheka.

"Kichwa kiko chini. Mgongo kushoto. Mtoto amekaa vizuri."

Kisha akafumba macho. Mikono haikutoka.

Uvimbe ukasogea chini ya ngozi, ukifuata viganja. Akivipeleka kulia, nao kulia.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza, "mbona mikono yake imekuwa baridi?"

"Nyamaza, mwache afanye kazi."

Nilisema hivyo mimi, kwa kinywa changu.

Shoga yangu akaondoka bila kuaga, mikono ameikumbatia tumboni. Chai hakuigusa.

Mchana uleule tumbo la mdogo wangu likanywea. Hakuna damu. Hakuna uchungu. Hospitalini, daktari alilibonyeza, akalibonyeza tena.

"Nani aliwaambia huyu ana mimba?"

Nikakimbilia kwa shoga yangu. Mlango ukafunguka nusu. Tumbo lilitangulia.

"Si uliniombea, shoga?" akanong'ona.

Akaushika mkono wangu, akauweka tumboni pake. Chini, kitu kigumu, cha mviringo. Kushoto, mgongo. Kisha teke.

"Anakujua huyu, mama mkubwa."

Kesho yake nyumba ilikuwa tupu. Alikokwenda hakuna ajuaye.

Mdogo wangu hakuzaa. Lakini siku chache baadaye maziwa yakaanza kumtoka, na mpaka leo hayajakauka. Hayatoki ovyo. Atakuwa anafua, au tuko katikati ya sala, mara gauni linalowa kifuani. Anainua kichwa, anasikiliza. Mimi sisikii kitu.

"Dada," anasema, "ameamka. Analia."