Kushoto Kulikuwa na Ukuta

"Kushoto, shem. Sasa!"

Kipanga aliilaza pikipiki yake ya Yamaha kushoto bila kutazama.

Hakuwahi kutazama. Kazi ya macho ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake, aliyeshinda mbele ya skrini nyumbani kwake kwenye kiti cha magurudumu. Kazi ya Kipanga ilikuwa mwendo. Sikio linasikia, mkono unageuka. Ndivyo alivyofundishwa ujasusi, na mwalimu alikuwa shemeji huyohuyo.

Safari hii kushoto kulikuwa na ukuta.

Alifunga breki. Tairi zikalia, pikipiki ikaserereka na kuzima karibu kabisa na matofali. Huko barabara kuu, mwizi mwenye sanduku la bluu alikuwa ameshapotelea kwenye msongamano.

"Pole, shem," sauti ikasema sikioni. "Ramani ya zamani."

Ramani ile shemeji aliichora mwenyewe.

Kipanga alizima redio, akampigia daktari aliyeibiwa sanduku hilo.

"Daktari, ndani ya sanduku mna nini hasa? Niambie kwa lugha ya mtu wa pikipiki."

"Vifuko. Seli shina, zile zinazozaa seli nyingine, huvitoa zenyewe, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Vimebeba ujumbe: uvimbe utulie, neva zisife, zianze kuchipua. Panya waliovunjika uti wa mgongo walitembea. Si wote, nisikudanganye. Leo tunajaribu kwa binadamu mara ya kwanza."

"Binadamu gani?"

"Mama mmoja, fundi rangi. Juzi alianguka kutoka kwenye jukwaa, miguu haisikii kitu. Yuko kitandani ananiuliza kama nimechelewa mimi au dawa. Na barafu kavu inakwisha. Vikiyeyuka ndiyo basi, havigandishwi tena. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kuna kifaa cha kufuatilia?"

"Kwenye mfuniko."

"Hicho wameshakitupa."

Daktari alicheka kwa hofu. "Cha mfunikoni, ndiyo. Ila mimi huficha kingine chini ya barafu. Kinanitumia joto na mahali kilipo. Sijamwambia mtu, wenzangu hunicheka kwamba nina wasiwasi wa bibi harusi."

"Nitumie."

Simu ikalia. Kipanga alitazama kioo cha simu, akafuta jasho, akatazama tena. Mtaa aliujua. Geti alilijua. Ufunguo wa akiba wa nyumba ile ulikuwa mfukoni mwake, amepewa na dada yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusema kinavyouma.

Dada alikuwa kazini. Mlango ulifunguka bila kelele.

Mwizi, helmeti bado kichwani, alikuwa akihamisha vichupa vya dawa kwa koleo kwenye chombo kingine. Bastola ilikuwa mezani. Mkono wake haukuifikia. Kipanga alimpiga teke la goti, akaanguka, na mdomo wa Glock ya Kipanga ukamgusa kisogoni.

"Lala hivyohivyo. Ukipiga chafya, nitaelewa vibaya."

Alimfunga pingu kwenye mguu wa meza, ndipo akageuka.

Shemeji alikuwa amelala kifudifudi kitandani, shati limepandishwa mpaka mabegani. Kovu la risasi lilionekana katikati ya mgongo. Kando yake palikuwa na sindano. Ngumi yake ilikuwa imefumbata kichupa kimoja, akikipasha joto.

"Yangu ni hiki kimoja tu, shem," alisema. "Vingine huyu na wenzake wanavipeleka nje, wakavitangaze kuwa ni vyao."

"Ulishamwuliza daktari? Alikuambia nini?"

"Kwamba jeraha la miaka mitatu limeshakuwa kovu. Kwamba kwangu haijulikani kama vitasaidia. Haijulikani siyo hapana."

"Ukanipeleka ukutani."

"Nilijua utafunga breki. Si mimi niliyekufundisha?"

Kipanga alitaka kumpiga. Alitaka pia kulia, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Kipanga aliisogeza sindano mbali naye.

"Risasi ile ilikuwa yako, shem. Nilijitupa mbele yako."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nageuka bila kutazama."

Shemeji alificha uso kwenye mto. Kipanga aliinama, akamfungua vidole kimoja kimoja. Shemeji hakuvikaza. Kichupa kilikuwa kimeshayeyuka, kina uvuguvugu wa kiganja chake. Akamshushia shati vizuri.

"Na dada yako utamwambia nini?"

"Mwambie wewe. Mimi sina mdomo huo."

Alivirudisha vichupa vilivyoganda kwenye barafu, akafunga sanduku, akawasha redio.

"Makao, leteni gari nyumbani kwa shemeji. Wa kukamatwa ni wawili."

"Wawili?"

"Mmoja ana kiti cha magurudumu. Kibebeni kwa uangalifu."

Hospitalini, daktari alikagua kipimajoto chake, akavuta pumzi ndefu. "Kimoja kimeharibika. Vilivyobaki vinatosha."

Kutoka kitandani fundi rangi alipaza sauti: "Haya, nani kachelewa?"

"Mimi, mama," Kipanga alisema. "Nilipotezwa njia."

Alivaa helmeti na kutoka. Redio ikakwaruza, sauti ngeni, ya heshima.

"Kipanga, mimi ndiye mwongozaji wako kuanzia sasa. Toka getini, geuka kushoto."

Alifika getini, akasimama.

Alitazama kulia. Akatazama kushoto, mpaka mwisho wa barabara.

Ndipo akageuka.