Magari Matatu Mazima

"Na hii nayo ina nini?"

"Bushi za mbele zimekufa."

"Zimekufa lini? Gari ina miezi minne."

"Kifo hakihesabu miezi."

"Juzi breki zinavuta upande mmoja. Jana gia zinalia. Leo bushi. Hii nchi nzima haina gari hata moja nzima?"

"Mimi nasema ninachokiona."

"Umekionea wapi, wakati hata hujaiwasha?"

Nikajifanya sijasikia. Nikapiga teke tairi la mbele, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mwenye magari ya kukodisha, jamaa mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akaongea kwa lugha ya kwao dakika nzima bila kumeza mate, akininyooshea kidole mimi, akainyooshea gari, akaelekeza juu mbinguni.

"Anasemaje?" nikamuuliza shangazi, mwenyeji wetu.

"Anakusalimia," akasema shangazi.

Jamaa akaingia kwenye gari yake akaondoka. Ikapanda tuta la getini kimya kimya, bushi, zile raba za kwenye vyuma vya chini, hazikutoa hata mguno. Zilikuwa nzima kabisa. Na gia za jana zilikuwa nzima, na breki za juzi.

Aliyekuwa ananihoji ni mchumba wangu, Pimamaji. Jina hilo kapewa kazini. Ni fundi wa kujenga kuta, na kile kifaa chenye kipovu cha maji hakimtoki mfukoni. Ukimwekea tofali limepinda unene wa kucha, unalibomoa. Mimi naitwa Spana. Shule niliiacha darasa la sita, nikaingia chini ya gari, sijatoka mpaka leo. Tulikuwa tumekuja likizo ya siku saba nchi ya watu, kwa shangazi yake anayefua mashuka hotelini. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Tulikuja kwa ajili ya ukuta. Marehemu baba yake Pimamaji alikuwa fundi wa mawe, na juu ya kitanda chake alibandika picha aliyoikata kwenye kalenda: magofu ya mji wa kale, ukuta mrefu wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na mpaka leo umesimama. Alikufa hajauona. Miezi minne iliyopita nilipomwambia Pimamaji nataka kumuoa, alinijibu hivi:

"Jibu lako nitakupa pale ukutani. Unipeleke mwenyewe, kwa gari, tusimame tunapotaka."

Nikamwambia hiyo ndogo.

Tatizo ni moja tu. Sina leseni. Sikuisahau nyumbani, wala haijaisha muda. Sijawahi kuwa nayo.

Naendesha tangu nina miaka kumi na nne, pale gereji, naingiza gari, natoa gari, najaribu barabarani. Mtaa mzima unaniona kwenye usukani, nani aniulize leseni? Ni sawa na kumuuliza mpishi kama ana ruhusa ya kula. Pimamaji naye aliona hivyo hivyo, na mimi nikamwacha aone.

Tulirudi ndani. Mezani jikoni kulikuwa na ramani ya shangazi, imepigwa penseli, na daftari la Pimamaji la kazini. Huyu mtu anapanga safari kama anapanga msingi wa ghorofa. Saa kumi na mbili kutoka. Saa mbili mafuta na chai. Saa tatu na nusu njia panda, shika kushoto. Saa nne na nusu ukutani. Juu kabisa kaandika: Dereva, Spana. Akapigia mstari mara mbili.

Yeye akaenda chumbani bila kuniangalia. Shangazi akanitupia ncha ya shuka.

"Mkwe, shika tukunje."

Nikashika.

"Nimefua mashuka ya wageni miaka kumi na tisa," akasema. "Mtu akitia doa, analikunja liwe kwa ndani. Anadhani sitalifunua."

"Sijakuelewa, shangazi."

"Umenielewa. Siku tatu unakagua matairi, unachungulia uvunguni, unanusa moshi. Kwenye kiti cha dereva hujakaa hata kwa bahati mbaya. Fundi gani huyo?"

Kabla sijajibu, Pimamaji akatokea mlangoni, simu mkononi.

"Nimepata basi la watalii. Kesho asubuhi. Imebaki nafasi moja."

"Moja?"

"Inanitosha."

"Na jibu langu je?"

"Mwenye kulitaka angeshakubali gari." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Umebadili mawazo, Spana? Sema tu. Mimi siyo mtoto, sitaangua kilio hapa kwa watu."

"Sijabadili."

"Basi unaogopa nini?"

Nikainama kunyoosha ncha ya shuka niliyoishika.

"Wananishikia nafasi mpaka saa kumi," akasema. Akarudi chumbani, akafunga mlango.

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini. Shangazi aliendelea kukunja shuka peke yake, akitumia kidevu.

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za jengo. Nikafikiri mambo mawili. Nikinyamaza, naachwa. Nikisema, labda pia naachwa, ila angalau nitaachwa kwa kosa nililolifanya na siyo kwa kosa la kusingiziwa. Kusema kwa mdomo nilikuwa nimeshashindwa. Nikatoa simu, nikaandika herufi moja moja:

"Sina leseni."

Ikaenda. Ikasomwa.

"Ya nini?" akajibu.

"Ya gari."

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Sijawahi kuwa nayo. Hata siku moja."

Simu ikaita. Alikuwa nyuma ya ukuta ule ule niliouegemea, kwa hiyo sauti yake nikaisikia mara mbili.

"Yule askari wa barabarani aliyetusimamisha mwaka jana?"

"Namtengenezea pikipiki."

"Gari ya harusi ya dada yangu, aliyeiendesha nani?"

"Mimi."

"Bibi harusi alikuwa ndani, Spana."

"Alifika lakini."

Akavuta pumzi ndefu.

"Mtu anayefungua injini na kuirudisha gizani anashindwaje kupata leseni?"

"Kuendesha siyo shida. Shida ni ule mtihani wa karatasi. Nimekwenda mara mbili. Mara zote mbili nafika mlangoni, naona vijana wameinamia madawati na kalamu zao, nageuka narudi gereji. Mimi kusoma nasoma, ila polepole. Nikaona watanicheka."

"Watakucheka."

"Ndiyo."

"Unakumbuka tangi la maji?"

Nilijua litakuja. Mwaka jana kazini kwao walimkabidhi pikapu ya kubebea mchanga. Alikwenda darasani, akafanya mitihani yote, akapata leseni. Wiki ya kwanza akirudi kinyumenyume akagonga tangi la maji. Dogo tu, taa moja ya nyuma. Pikapu ikaletwa kwangu. Nikaifanya kichekesho cha gereji wiki nzima, kila mteja nikamsimulia, na jioni moja nikamwambia mbele za watu kwamba usukani una wenyewe. Tangu siku hiyo hajagusa gari.

"Nakumbuka."

"Mimi niligonga tangi nikiwa na leseni. Wewe ukanicheka ukiwa huna."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuamini. Mwaka mzima najiona sifai."

"Nisamehe," nikasema. "Nilisema ujinga."

"Rudia, sijasikia."

"Nilisema ujinga. Usukani hauna wenyewe."

"Shangazi, umesikia?" akaita.

"Hata jirani kasikia," shangazi akajibu kutoka jikoni.

Simu ikakatika. Niliporudi ndani, Pimamaji alikuwa amesimama mezani. Macho yalikuwa mekundu. Akafungua pochi, akatoa kadi, akaiweka juu ya ramani. Leseni yake.

"Umekuja nayo?"

"Fundi hatembei na nyundo moja." Akalivuta daftari. "Ile nyeupe ya jana. Gia zinalia?"

"Hazilii."

"Breki za juzi?"

"Nzima."

"Na bushi za leo?"

"Nzima kuliko mimi."

"Sijakusamehe bado," akasema. "Ila lile basi silipandi. Nalitaka gari, na unakwenda na mimi. Shangazi, mpigie yule jamaa."

Shangazi akapiga. Yule mtu akaongea, akaongea, mpaka shangazi akaweka simu mbali na sikio.

"Anasemaje?"

"Hapana."

"Yote hayo ni hapana?"

"Mengine hayafai mezani." Akarudi kwenye simu, akasema maneno machache kwa upole. Akasikiliza. Akakata. "Analeta ile nyeupe baada ya nusu saa. Nimemwambia dereva ni mwanamke."

"Akasemaje?"

"Kasema afadhali."

Saa kumi ikapita. Gari ikaletwa, jamaa akampa Pimamaji funguo, mimi akanipita kama nguzo. Huku kwao wanapita upande wa pili wa barabara, na usukani upo upande ambao kwetu anakaa abiria. Nikaenda upande niliouzoea, nikafungua mlango nikakaa, nikajikuta mbele yangu hakuna usukani, kuna kidroo cha karatasi. Nikafunga mkanda.

Nikapanga ndoo mbili za shangazi pale uwanjani, aegeshe katikati. Mara ya kwanza injini ikazima. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akarudi vizuri, vizuri, halafu tukasikia ndoo inagongwa, inabingirika mpaka getini.

Akageuka akanitazama. Usoni hakukuwa na hasira. Alikuwa anasubiri.

Nikashuka, nikaifuata ndoo, nikaisimamisha pale pale. Nikarudi kukaa.

"Zungusha mapema kidogo," nikasema. "Ukiiona ndoo kwenye kioo, umeshachelewa."

Akarudia. Mara ya nane akaingia katikati, nafasi sawa kulia na kushoto. Alishuka akapima kwa hatua ili ahakikishe. Ndivyo alivyo.

Asubuhi saa kumi na mbili kamili tulikuwa barabarani. Kwenye daftari jina langu lilikuwa limekatwa pale juu. Chini yake kaandika: Dereva, mimi. Vibao, Spana.

"Vibao gani?"

"Naangalia barabara. Wewe niambie kila kibao kinasema nini. Kile?"

"Njia inakuwa nyembamba."

"Kile?"

"Usipite gari nyingine."

"Na kile chenye pembetatu?"

"Toa nafasi kwa wenye barabara yao."

"Kile cha mviringo?"

"Mwisho wa... subiri. Hicho sikijui."

"Sawa."

Saa mbili tukatia mafuta. Alipokuwa anakunywa chai nikamwona anaandika kitu daftarini, nikadhani ni hesabu ya lita. Saa tatu na nusu njia panda, akashika kushoto bila kuuliza. Kuna lori lilitupigia honi, akalipisha, nikamwambia, "Umefanya sawa," akaendelea. Tukafika saa tano kasoro kumi. Kuchelewa kwenyewe ni dakika ishirini, na zote alizitumia kuegesha.

Ukuta ulikuwa mrefu kuliko picha. Pimamaji aliugusa kwanza kwa kiganja, jiwe kwa jiwe, akitembea polepole. Halafu akatoa kile kifaa chake mfukoni, akakisimamisha wima kwenye uso wa ukuta. Kipovu kikakimbilia pembeni.

"Umepinda," nikasema. "Na mzee alivyokuwa anausifia."

"Haujapinda. Unaegemea ndani. Ukuta usio na saruji ukiusimamisha wima kabisa unaanguka." Akapima tena, sehemu nyingine. Kipovu kikaenda kule kule. "Baba alikuwa anabishana na mafundi wote juu ya hili. Wakamwona kichaa. Ona sasa."

Akajifuta macho haraka, kama mtu anayejifuta vumbi la kazi.

Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mimi kusubiri siwezi.

"Pimamaji. Tuko ukutani."

"Najua tulipo." Akafungua daftari. "Njiani nimekuuliza vibao ishirini na vinne. Umekosa viwili."

"Kumbe ulikuwa unaandika hivyo?"

"Kwenye ile karatasi unayoikimbia, ukikosa viwili unafaulu. Mimi nilikosa vitatu."

Niliutazama ule ukurasa, vema ishirini na mbili zimepangwa kama matofali.

"Kwa hiyo jibu ni nini?"

"Ndiyo."

Nikanyoosha mikono, akanizuia kwa kidole kimoja kifuani.

"Ndiyo, Spana. Tarehe unaipanga wewe. Siku utakayoniwekea leseni mkononi, naanza kutafuta gauni. Na ukinidanganya tena, hata kwa bushi tu, jibu nalirudisha hapa hapa nilipolitoa. Ukichelewa miaka mitano, nitakusubiri miezi sita tu."

"Na nikifika pale mlangoni mwa mtihani, nikaona wale vijana?"

"Nitakuwa nimesimama nyuma yako. Ukigeuka, unanikuta mimi."

Akakirudisha kile kifaa mfukoni, akafunga daftari, akageuka, akaanza kushuka kuelekea kwenye gari, funguo zikilia mkononi mwake.